Pua Moja Mpaka Mwanza

1

Dirisha la Safari lilikuwa pale ilipokuwa ofisi ya kata zamani. Jumatatu hiyo asubuhi Bi Somoe alikuwa mtu wa tisa kwenye foleni. Watu walisimama mbali mbali, kila mmoja juu ya duara lake la rangi, na aliyefika mbele alinyoosha mkono wa kushoto kwanza ndipo akasalimia. Adabu ilikuwa imegeuka hivyo. Mkono kwanza, salamu baadaye.

Bi Somoe alipofika dirishani alinyoosha mkono wake. Kwenye kifundo, upande wa ndani ambako ngozi ni laini, palikuwa na bangili nyembamba isiyovuliwa, na katikati ya bangili ushanga mmoja mdogo kama punje ya mtama. Ulikuwa mweupe.

"Shikamoo bibi," karani akasema. Alikuwa binti mwenye macho ya kukosa usingizi. "Wapi?"

"Marahaba. Mwanza. Niwe nimefika kabla ya saa sita mchana siku ya Alhamisi."

"Alhamisi kuna nini?"

"Binti yangu anapasuliwa Ijumaa. Mimi ndiye mpokezi."

Karani aliacha kubonyeza vitu vyake akamtazama vizuri. Kila mtu alijua mpokezi ni nani. Tangu homa ya vumbi iingie hospitalini, mtoto mchanga hakukaa wodini hata saa moja. Alitolewa tumboni, akakabidhiwa mwanamke mwenye ushanga mweupe aliyeandikishwa siku moja kabla, na mwanamke huyo akaondoka naye mpaka mama apone. Mtoto asiye na mpokezi alipelekwa Nyumba ya Watoto kwa siku arobaini. Mama zao waliwaona kupitia kioo.

"Upande wa mume hakuna mtu?" karani akauliza. "Aliye karibu zaidi?"

"Mume ni dereva wa malori, amefungiwa mpakani wiki ya tatu hii."

"Namaanisha wanawake. Mama mkwe, wifi."

"Hakuna," Bi Somoe akajibu, upesi mno.

Karani hakumsukuma. Aligeuza kioo chake ili bibi naye aone. "Basi chagua. Ndege, saa moja na nusu. Lakini watu tisini, pua moja."

Pua ndilo neno walilotumia. Hewa yoyote iliyofungiwa mahali iliitwa pua, na swali la kila safari lilikuwa moja tu: utapumua pua moja na watu wangapi?

"Ushanga wa mmoja ukigeuka rangi angani," karani akaendelea, "wote tisini mnazuiliwa uwanjani. Wiki iliyopita walizuiliwa mara tatu. Gari ni salama kuliko vyote, kama unaendesha mwenyewe na uko peke yako. Unaendesha?"

"Mwanangu, mimi hata baiskeli nilianguka nayo, nikaiacha pale pale nikarudi kwa miguu."

Mzee aliyekuwa nyuma yake alicheka mpaka barakoa ikamshuka. Karani naye akatabasamu, pengine kwa mara ya kwanza tangu afungue dirisha.

"Basi ukikodi dereva utapumua naye siku mbili, na vizuizini mtalala na madereva wengine. Sikushauri. Iliyobaki ni treni. Vyumba vya watu wawili wawili, kila chumba na pua yake, hewa haichanganyiki. Inaondoka Jumatano saa kumi na mbili asubuhi, usiku uko Mwanza. Mwenzako akiwa mweupe, umefika mweupe."

Bi Somoe alikuwa mkunga miaka thelathini na nne. Alizoea kuchagua kati ya mambo matatu huku mtu anapiga kelele, kwa hiyo hakuchelewa.

"Nipe treni."

"Nakuwekea kitanda cha chini, karibu na dirisha," karani akasema. "Magoti yasikusumbue." Hakuwa ameombwa.

2

Habari ilimtangulia nyumbani. Jioni ile ile jirani yake, Bi Mgeni, aliingia uani na kibakuli cha piko, ile hina nyeusi, pamoja na kijiti chake cha kuchorea na mkeka kwapani.

"Kaa chini."

"Nina safari ya kupanga, Mgeni."

"Kaa chini nimesema. Unakwenda kumpokea mjukuu na mikono mitupu kama mtu anayekwenda kuchota maji? Mtoto afungue macho aone nini? Makunyanzi?"

"Makunyanzi yangu yamepokea nusu ya mtaa huu. Na wewe mwenyewe ungekuwa mdogo ningekupokea."

"Ndiyo maana nilizaliwa mapema." Bi Mgeni alikohoa kidogo, akajifuta kwa ncha ya mtandio. "Vumbi la hina hili. Leta mkono."

Bi Mgeni alikuwa na mikono ya kutazamwa. Miezi yote ya homa hakuacha kujichora, maua meusi kutoka vidoleni mpaka karibu na kiwiko, na alikuwa akichora wanawake wa mtaa mzima bila kudai kitu, kwa sababu alisema wamebakiwa na furaha chache. Alijisifu pia kwamba ushanga wake haujabadilika rangi hata siku moja. "Mimi homa inaniogopa," alikuwa akisema, na watu wakacheka.

Alichora kiganja, akachora mgongo wa mkono, akafika kwenye bangili. Hapo alisimamisha kijiti.

"Hii inanikata mchoro."

"Iruke."

"Maua hayarukwi." Aliisogeza bangili juu upana wa vidole viwili, akachora ua kubwa lenye petali nane mahali ulipokuwa ukikaa ule ushanga, akalijaza weusi wote. Piko ilipokauka akairudisha bangili mahali pake, juu ya ua, kama mtu anayerudisha sufuria jikoni.

"Haya," akasema. "Sasa wewe ni bibi."

Bi Somoe aliitazama mikono yake kwenye mwanga wa jioni. Ulikuwa muda mrefu hajapambwa. Alimshika shoga yake begani, jambo ambalo watu walikuwa wameacha kufanya, na Bi Mgeni akaliachia bega lishikwe.

3

Mwenzake wa chumbani alikuwa mwanamke wa miaka thelathini na kitu aitwaye Eliwaza, fundi cherehani wa Tabora. Alikuwa ametoka kumzika kaka yake na sasa alirudi kwa mama yake na mabinti zake wawili. Mlango ulipojifunga na kufyonza, *fyuu*, na taa ndogo ya kijani ikawaka juu kuonyesha kwamba chumba kimeanza kupumua peke yake, Eliwaza alimtazama bibi akasema:

"Basi mama, ndiyo tumeolewa mpaka jioni."

"Nani mume?"

"Wewe. Una mikono mizuri."

Walicheka, na kuanzia hapo hawakunyamaza. Ushanga wa Eliwaza ulikuwa mweupe, na wa Bi Somoe mweupe. Treni ilipita Morogoro milima ikiwa bado na ukungu. Eliwaza alimenya chungwa akatoa nyuzi zote nyeupe, kipande kwa kipande, akampa bibi kwanza. Alipoona bibi anasugua miguu, alitoa kanga mpya kwenye begi, akamfunika bila kuuliza.

"Hiyo si ya mama yako?" Bi Somoe akauliza.

"Ya mama. Na wewe leo ni mama."

Bi Somoe alimweleza kuhusu Sauda, binti yake. Miaka mitatu iliyopita Sauda alizaa mtoto asiyelia. Bi Somoe alichelewa. Alipofika walikuwa wameshazika. Na msibani, mbele ya watu, mama mkwe wa Sauda, mwanamke wa Kahama aitwaye Kabula, alisema kwamba tumbo la yule binti halina bahati.

"Alisema hivyo?"

"Nilisikia kwa masikio yangu haya. Tangu siku hiyo hatujasemezana. Wala mimi, wala Sauda."

"Kwa hiyo safari hii…"

"Safari hii nitakuwepo. Nikiwa nimekufa waniweke mlangoni."

Saa saba mchana walifika Dodoma. Kaguzi za Dodoma zilikuwa kali. Abiria hawakushuka, kila chumba kilikuwa na tundu dogo lenye mpira, unapitisha mkono, mkaguzi anausoma akiwa nje. Bi Somoe alipitisha wake.

"Mweupe. Ahsante mama."

Eliwaza akapitisha wake. Mkaguzi akauinamia mara ya pili.

"Dada, huu ni wa manjano."

"Haiwezekani. Nimepanda mweupe!"

Homa ya vumbi ilikuwa na haraka yake. Ikiingia asubuhi, mchana damu imeshajua, ingawa mwili wenyewe haujui mpaka siku ya tatu au ya nne. Ndiyo maana ushanga ulibuniwa. Ulitoa mwanga mwembamba kupitia ngozi kila saa, ukaisoma damu, na kusema kabla ya kikohozi kusema. Mweupe, pita. Manjano, kaa siku kumi. Mwekundu, hospitali.

Na katika chumba chenye pua moja hesabu ilikuwa rahisi. "Mwenzako mweupe," mkaguzi akasema, si kwa ukali, alikuwa amechoka tu. "Kwa hiyo wewe ndiye chanzo. Umepanda nayo, ilikuwa haijaonekana. Nyumba yako ya Tabora itafungwa siku arobaini. Ndiyo sheria ya chanzo."

"Mama yangu anauza vitumbua," Eliwaza akasema. "Siku arobaini? Na watoto?"

Alichukua begi lake. Kanga aliiacha miguuni pa bibi. Mlangoni aligeuka, barakoa imeshalowa machozi.

"Mama, nisamehe kama nimekupumulia."

4

Treni iliondoka Dodoma ikiwa na Bi Somoe peke yake chumbani. Nusu ya chungwa ilikuwa mezani, imemenywa vizuri. Alipaswa kufurahi. Mhudumu wa behewa, mwanamume wa makamo aitwaye Lugano, alikuwa ameongea naye kupitia kipaza sauti cha mlangoni: "Una bahati, mama. Ingekuwa mkaguzi mwingine mngeshushwa wote wawili. Mwanza hiyo unafika."

Lakini mkunga hakai na jambo lisilokaa sawa. Walipumua pua moja saa saba. Walikula chungwa moja. Mmoja kageuka, mwingine hata kivuli cha manjano hana. Aliutazama ushanga. Ulikuwa mweupe kama jana, kama juzi Jumatatu. Chini yake, petali za ua zilichomoza kila upande, nyeusi tii.

Aliusogeza mkono karibu na macho.

Shanga zilipoletwa mara ya kwanza yeye alikuwa mmoja wa waliofunzwa kuzifunga. Alikumbuka chumba cha mafunzo, na kijitabu. Mwanga hupita kwenye ngozi ukarudi. Usiporudi, kwa sababu mtu anaoga au amelalia mkono, ushanga hauwaki ovyo. Hubaki na rangi yake ya mwisho mpaka upate jibu jingine. Kijitabu kilikataza mafuta mazito na kufunga kitambaa. Piko hakikuitaja. Waliokitunga, yaelekea, hakuna hata mmoja aliyewahi kukalishwa chini na kuchorwa maua.

Ushanga wake ulikuwa haujasoma kitu tangu Jumatatu jioni. Na Bi Mgeni, ambaye homa inamwogopa? Bi Mgeni mwenye maua mpaka kiwiko, na kile kikohozi cha vumbi la hina? Na wale wanawake wote wa mtaa?

Kisha wazo la mwisho, lililokuwa likisubiri nyuma ya mengine, likaja mbele. Eliwaza alipanda mweupe kweli. Mimi ndiye niliyempumulia.

Alipiga simu Mwanza. Sauda alipokea mara moja. Alikuwa amekaa na simu mkononi tangu alfajiri.

"Mama! Mmefika wapi?"

Bi Somoe alimweleza yote, polepole, kama alivyokuwa akiwaeleza wazazi habari nzito.

"Nikiisogeza bangili, itasema kweli," Bi Somoe akasema. "Naisogeza juu kidogo, kwenye ngozi safi. Ndani ya saa moja nitajua."

"Usiisogeze."

"Sauda."

"Mama, nakuomba. Huna homa. Hukohoi. Ushanga wako mweupe, umepita Dodoma, nani atajua? Utavaa barakoa mbili. Utamshika kwa glavu. Mama, yule wa kwanza sikumshika. Walimfunga wakampeleka, nikaonyeshwa kitambaa. Huyu naye nimwone kwenye kioo siku arobaini? Huko Nyumba ya Watoto wanawaita kwa namba!"

Bi Somoe alifumba macho. Katika miaka thelathini na nne aliwahi kuambiwa maneno mengi na wanawake wenye uchungu, na alijua yapi ni ya uchungu na yapi ni ya kweli. Haya yalikuwa ya kweli yote. Hakuna lililokuwa uongo hata moja, na ndiyo maana yalimchoma.

"Mwanangu, unanisikia? Hawa wachanga wana mapafu ya ukubwa huu." Alionyesha kidole gumba, ingawa Sauda hakumwona. "Nimewaona watatu wenye homa ya vumbi kabla sijastaafu. Watatu. Sikukuambia kwa sababu ulikuwa na mimba. Hakuna aliyefika jioni."

Sauda alianza kulia.

"Mtoto wako hatakwenda kwenye kioo," Bi Somoe akasema. "Sijui bado kwa njia gani. Lakini hatakwenda, na mimi sitamuua. Yote mawili. Nitakupigia."

Akakata. Kisha, kabla moyo haujapata nafasi ya kujadiliana naye, alishika bangili kwa vidole viwili akaisukuma juu, kupita petali ya mwisho, mpaka kwenye ngozi isiyo na kitu.

Akasubiri. Nje, Manyoni ilipita, kisha vichaka, kisha vichaka vingine. Aliikunja kanga ya Eliwaza akaiweka mapajani. Hakula lile chungwa.

Ulipita muda usiofika saa. Ushanga ukapepesa mara mbili kama jicho la mtu anayeamka, ukawa wa manjano.

5

Alibonyeza kengele. Lugano alikuja mpaka kwenye kioo cha mlango.

"Mama?"

Bi Somoe aliuinua mkono. Lugano alitazama ushanga, akatazama korido kushoto na kulia, akasogeza mdomo karibu na kipaza sauti.

"Mama, ukaguzi wangu ni Mwanza. Mimi hapa sijaona kitu. Nimesikia habari ya binti yako wakati unaongea na yule dada, unisamehe, milango hii inapitisha sauti. Mke wangu naye alijifungulia kwenye kipindi hiki." Akatazama tena korido. "Ungekaa kimya tungefika."

"Ndiyo maana nimebonyeza kengele, baba. Ningekaa kidogo tena ningekaa kimya."

Lugano aliinamisha kichwa.

"Na kuna mambo mawili uniandikie upesi," Bi Somoe akasema. "La kwanza, yule dada aliyeshushwa Dodoma si chanzo. Chanzo ni mimi. Ushanga wangu ulikuwa umefunikwa na piko tangu Jumatatu. Nyumba ya mama yake isifungwe. La pili, wapigie watu wa afya kule kwetu. Waende kwa Bi Mgeni, waende kwa kila mwanamke aliyechorwa mkononi, wasogeze bangili. Waende kwa upole. Yule mama alikuwa anawafurahisha watu tu."

"Piko?" Lugano alirudia. "Mke wangu yuko nayo sasa hivi."

"Basi anza na mke wako."

Alimshusha Tabora saa kumi na moja jioni. Mwenyewe ndiye aliyebeba begi lake mpaka mwisho wa jukwaa, akiwa mbele yake hatua nne, upepo ukipuliza kutoka upande wake kwenda kwa bibi. Bi Somoe aliliona hilo. Mtu mwingine angeliacha begi mlangoni.

6

Chumba cha kukalia siku kumi kilikuwa na kitanda, dirisha linaloangalia reli, na birika la chai lililoachwa nje ya mlango na mtu ambaye hakumwona. Bi Somoe alikunywa kikombe kimoja. Kisha akatafuta kwenye simu namba ambayo hakuwa ameipiga miaka mitatu, wala hakuwa ameifuta.

Iliita mara moja.

"Nani amekufa?" sauti ya Kabula ikauliza.

"Hakuna aliyekufa. Ni mimi, mkwe."

"Najua ni wewe, jina lako limetokea. Ndiyo maana nauliza nani amekufa."

Bi Somoe alikuwa amepanga maneno mazuri. Yote yakapotea. "Sauda anapasuliwa Ijumaa. Nilikuwa mpokezi. Nimeshikwa Tabora, nina manjano. Mtoto hana mtu."

Kwa mbali alisikia kuku, na ndoo ikiwekwa chini.

"Mkwe," akaendelea, "wewe ulisema neno msibani. Na mimi nimelibeba. Karani aliniuliza kama upande wa mume kuna mtu, nikasema hakuna. Nilikufuta mdomoni mwangu. Ningeikubali treni, ndege, hata ngamia, lakini si wewe. Kiburi changu hicho ndicho kilichonipandisha treni. Sasa nakuomba."

"Neno lile," Kabula akasema, "nilitamani kulirudisha kabla sijafika nyumbani. Nilikuwa nimemfunga yule mtoto sanda kwa mikono yangu, mkwe. Wewe ulikuwa hujafika. Sikujua pa kuweka uchungu, nikauweka kwa yule binti. Nimepiga simu mara mbili mwaka ule. Sauda hakupokea. Nikasema, haya, ni haki yake."

"Ushanga wako?"

"Mweupe. Na kabla hujauliza, sina piko. Nina matope ya mpunga, na yanaoshwa. Nimeshasikia redioni sasa hivi, wanasema mwanamke mmoja ndani ya treni ndiye aliyetoa habari. Ni wewe?"

"Ni mimi."

"Hm," Kabula akasema, na ndani ya ile *hm* Bi Somoe alisikia heshima. "Nina pikapu langu la kubebea mpunga. Naendesha mwenyewe, sipandi na mtu. Vizuizi vinafunguliwa alfajiri. Saa nne niko Mwanza, labda saa tano kama yule askari wa Shinyanga anataka maongezi. Lakini mkwe, Sauda lazima akubali jina langu. Bila sauti yake hawaandiki."

"Hilo niachie mimi."

Halikuwa jepesi. Sauda alisema hapana mara tatu. Bi Somoe hakumshawishi kwa maneno matamu. Alimweleza tu kwamba yule mwanamke ndiye aliyemfunga mtoto wa kwanza.

"Alimshika?" Sauda akauliza.

"Alimshika."

"Alikuwaje? Hakuna aliyewahi kuniambia alikuwaje."

"Muulize yeye kesho. Atafika saa nne."

"Mwambie aje na kanga za zamani," Sauda akasema mwishoni. "Mpya zinamkwaruza mtoto."

7

Alhamisi saa tano kasorobo ulifika ujumbe wa maneno mawili: *Nimeandikwa. Askari kaongea.* Mchana ukaja mwingine, kutoka Dodoma. Eliwaza alikuwa bado na manjano, na siku zake kumi ni zilezile, lakini nyumba ya mama yake ilikuwa wazi na vitumbua vinauzwa. *Kanga yangu uitunze,* aliandika. *Mama anaidai. Nimemwambia imeolewa.*

Bi Mgeni naye alipiga simu. Shanga kumi na tisa za mtaa zilikuwa zimesogezwa, na tisa zilikuwa za manjano. Wa kwake ulikuwa mwekundu, lakini alikuwa akipumua vizuri, na wauguzi walikuwa watu wema. Alilia, akaomba radhi, akalia tena. "Kichonge kijiti chako vizuri ukipona," Bi Somoe akamwambia, "ila maua siku hizi yanaruka bangili."

Ijumaa alikaa dirishani tangu kulipopambazuka. Treni mbili zilipita. Ilikuwa saa tatu na dakika kumi simu ilipoita, na uso wa Kabula ukajaa kioo chote, karibu mno, barakoa imekwenda upande.

"Sikiliza," akasema, akaigeuza simu.

Bi Somoe alisikia. Kilio kilikuwa kikali, cha hasira, chenye mapumziko mafupi ya kuvuta hewa. Mkunga ndani yake alihesabu pumzi bila kutaka. Zilikuwa nzuri. Alifunika mdomo kwa mkono wenye piko akahesabu tena kwa sababu tu alitaka kuendelea kusikia.

"Msichana," Kabula akasema. "Mama yake mzima, wanamshona. Kabla mtoto hajafungwa nguo nilimsogeza kwenye kioo cha mlango, Sauda akamwona. Nilimwambia na wa kwanza alikuwa na kidevu hiki hiki."

"Alisema nini?"

"Alisema nisimwangushe." Kabula alicheka, na kicheko kikavunjika katikati. Alijifuta kwa bega, maana mikono yote miwili ilikuwa na kazi. Simu alikuwa ameiegemeza mahali. Vidole vyake vilikuwa vinene, vimepasuka kwa kazi ya shamba, na vilikishika kile kichwa kidogo kama yai linalotoka kwa kuku. Kwenye kifundo ushanga ulikuwa mweupe, juu ya ngozi isiyo na kitu.

Bi Somoe aliitazama mikono ile kwa muda mrefu. Alitafuta wivu ndani yake, maana aliutarajia. Ulikuwepo kidogo.

"Shingo, mkwe. Ishike shingo zaidi."

"Nimezaa saba."

"Ishike hivyo hivyo."

Kabula aliishika shingo zaidi. "Nywele hazinyolewi mpaka wewe ufike," akasema. "Nimeshamwambia Sauda. Siku zako kumi zinaisha Jumamosi ya wiki ijayo, si ndiyo? Binti yako atakuwa ameshatoka, atakuwa na mtoto wake kifuani. Usihangaike na dirisha lao la safari."

"Nitakujaje, sasa?"

"Nakuja kukuchukua. Kibanda cha pikapu ni kidogo, na kioo kimoja kimeharibika, hakishuki." Alimtazama moja kwa moja, na safari hii hakukuwa na mzaha usoni. "Tutakaa pua moja, mimi na wewe, mpaka Mwanza."

Bi Somoe alikunja kanga ya Eliwaza vizuri, akaiweka juu ya begi, tayari.

"Njoo," akasema.